UZI: Kutembea na mbwa mashambani Derbyshire Dales, Uingereza. Njia nilizopita, kondoo, ng'ombe na zile ngazi

Shangazi wa Matlock (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Wadau watatu wameniuliza pembeni zile picha za mbwa nazipigia wapi, na mtu anaanzaje kukatiza mashamba ya Wazungu bila kufukuzwa. Nikaona kuliko kujibu mmoja mmoja nifungue uzi.

Kwanza, mbwa si wangu. Ni wa bibi jirani yangu hapa Matlock, miaka 81, alivunjika nyonga mwaka jana. Mimi nalea wazee, zamu za usiku, kwa hiyo nikiamka mchana huwa nina saa mbili tatu za kwangu. Bibi alipotoka hospitali akaniomba nimtembezee Molly "mpaka nipone". Molly ni spanieli, miaka 11, kilo 19, masikio yananing'inia kama mtandio. Nyonga haijakaa sawa mpaka leo. Basi Bibi anabaki na jina la mwenye mbwa, miguu ni yangu.

Pili, mimi ni mtoto wa Lushoto. Nimekulia kwenye mbwa wa kufungwa mchana na kufunguliwa usiku, na nikikutana na mbwa njiani nainama kuokota jiwe hata kama jiwe halipo. Hapa Uingereza nilikaa miaka minne nikihama upande wa barabara kila nikiona mkia. Kwa hiyo msinisome kama mtaalamu.

Kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba mashambani huku si bustani ya kupumzikia. Ni shamba la mtu, anafuga, anavuna, na njia ya mguu inapita humo humo. Wakati mwingine inakatiza uani, mbele ya dirisha la jikoni, na yeye anaosha vyombo anakutazama. Kisheria una haki ya kupita. Waliokulia Usambara hawatashangaa, kwetu njia inakata mahindi ya mzee wa watu na hakuna anayekuuliza. Huku wameichora tu kwenye ramani na kuiwekea kibao. Mshale wa njano ni wa waenda kwa miguu, wa buluu unaruhusu na farasi na baiskeli. Ramani ya eneo hili ni Ordnance Survey Explorer OL24, fuata vistari vya kijani. Nunua ya karatasi, kwenye mabonde simu inakufa.

Ndiyo maana nikiwa na Molly sichagui njia kwa uzuri. Nauliza mambo mawili: kuna mifugo? Kuna geti au kuna ngazi? Mashamba hapa yamezungushiwa kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na mahali pa kuvukia mara nyingi ni ngazi ya mawe au ya mbao. Mtu anapanda. Spanieli wa miaka 11 anakaa chini anakutazama. Basi namkumbatia kama gunia la mahindi, navuka naye, mgongo unalia. Zipo nyingine ni upenyo mwembamba tu ukutani, hizo Molly anapita vizuri, anayekwama ni mimi.

Pa kuanzia, kwa mgeni, ni mfereji wa Cromford. Panda treni ya Derby kwenda Matlock (abiria mmoja anaruhusiwa mbwa wawili bure), shuka Cromford, ufuate maji hadi Whatstandwell, kama kilomita 5, halafu treni ya kurudi. Tambarare mwanzo mwisho, hakuna kondoo wala ngazi. Karibu na unapoanzia kuna kiwanda cha Richard Arkwright cha mwaka 1771, cha kusokota pamba kwa nguvu ya maji, kiko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kasoro yake ni bata. Molly anaamini bata wote wa mfereji ule ni mali yake.

Nikipata nafasi naendelea na njia za reli. Ulizeni.

Kipepe

Nimekaa siti ya mbele. Ila dada, kwetu mbwa analinda nyumba, huko naona nyumba ndiyo inamlinda mbwa.

Kijana wa Kisauni

Ewaa, uzi wa maana. Mimi niko Nottingham, mke wangu ameleta mbwa mwezi wa pili, mtoto bado, ana nguvu kama trekta. Kila Jumapili naambiwa twende Dovedale twende Dovedale. Vipi huko?

Shangazi wa Matlock

Kisauni, Dovedale ni pazuri kweli. Kuna yale mawe ya kuvukia mto Dove, na kilima cha Thorpe Cloud kimekaa juu yake kama kofia. Lakini Jumapili ya jua ni Kariakoo. Kwenye mawe foleni, watoto wanalia, mbwa kumi na tano wamefungwa kamba zimesokotana, na mvua ikinyesha sana mawe yenyewe yanafunikwa. Mbwa mdogo mwenye nguvu za trekta atakutia mtoni na simu yako.

Ukitaka kwenda, nenda siku ya kazi asubuhi, na uingilie Milldale upande wa juu, ushuke na mto. Au liache kabisa, mpeleke Tissington Trail. Ile ilikuwa reli, ilifunguliwa 1899, treni zikafa, na tangu 1971 ni njia ya watu. Kilomita 21 kutoka Ashbourne hadi Parsley Hay, changarawe, imechongwa kwa ajili ya treni kwa hiyo hakuna mlima wa kukutoa roho. Sehemu kubwa ina ua au ukuta pande zote mbili, kondoo wako ng'ambo. Pale Parsley Hay inaungana na High Peak Trail, nayo ni reli ya zamani, kilomita 27 hivi. Tahadhari ni baiskeli. Mbwa akiwa kushoto, wewe kulia, na kamba katikati, mwendesha baiskeli ndiye anayeumia.

Na kuna Monsal Trail, karibu kilomita 14 kuanzia Bakewell. Hiyo ina mahandaki ya treni makubwa manne, kila moja karibu mita 400, yalifunguliwa kwa wapita njia 2011. Taa zinawaka mchana, jioni zinazimwa. Siku ya kwanza Molly aligoma mlangoni. Mimi pia niligoma, tukaangaliana. Humo ndani ni baridi, maji yanadondoka, ukibweka sauti inarudi. Sasa anabweka makusudi.

Mfugaji Monduli

Nimesoma nikatabasamu, lakini nina swali la mfugaji. Hao kondoo mnaopita katikati yao mwenyewe anasemaje? Kwangu mbwa mgeni akiingia kwenye kundi sina mazungumzo naye.

Shangazi wa Matlock

Mfugaji, umegusa penyewe. Hili nimelipata kwa aibu, acha nisimulie.

Ilikuwa Machi, wiki zangu za mwanzo. Njia ilikatiza malisho, nikaona kondoo wako mbali, nikamfungua Molly anyooshe miguu. Hakuwauma. Aliwakimbilia tu, kwa furaha, na wao wakakimbia kundi zima mpaka kona ya ukuta wakabanana pale. Mwenye shamba akaja na pikipiki ya magurudumu manne. Nilijua leo natukanwa. Akazima injini, akasubiri nimfunge mbwa, akasema neno moja: "Wana mimba." Akageuza akaondoka. Ningetukanwa ningelala vizuri zaidi.

Nilipomwambia Bibi alinyamaza kwanza, halafu akanifundisha. Kondoo mwenye mimba si lazima aumwe, mshtuko na mbio tu vinatosha kutoa mimba. Na sheria inamruhusu mwenye mifugo, akiwa hana njia nyingine ya kulinda kundi, kumpiga mbwa risasi, kisha ndani ya saa 48 akaripoti polisi. Si vitisho vya kibao. Kwenye maeneo ya wazi ambayo umma umeruhusiwa kutembea hata nje ya njia, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai kamba ni lazima na isizidi mita 2, kwa sababu kuna ndege wanaotaga chini kwenye majani. Karibu na mifugo ni kamba mwaka mzima. Kwenye njia ya kawaida sheria inataka mbwa awe chini ya udhibiti wako, lakini mimi baada ya ile siku nikiona sufu tu, kamba.

Mfugaji Monduli

Huyo mzee wa pikipiki ni mtu mzima. Naunga mkono sheria ya risasi, samahani kwa Molly.

Na ng'ombe je?

Shangazi wa Matlock

Ng'ombe ndio kinyume chake, na hapa nisikilizeni vizuri maana inaokoa mtu. Kwa kondoo unashika kamba. Ng'ombe wakikufuata, hasa wenye ndama, unaiachia. Ng'ombe hana shida na wewe, anamfuata mbwa, kwake mbwa ni fisi. Ukimbeba au ukimng'ang'ania, mtakanyagwa wote wawili. Achia, mbwa atawashinda mbio, wewe tembea kuelekea getini bila kukimbia. Mwongozo rasmi wa mashambani nao unasema hivyo hivyo. Nikiona mama na ndama wako juu ya njia, nazunguka kwa mbali, au narudi nyumbani. Molly hajawahi kulalamika kurudi nyumbani.

Mfugaji Monduli

Sahihi kabisa. Ng'ombe aliyezaa hata mwenyewe anamwendea kwa adabu.

Bin Seif Muscat

Assalaam alaykum. Bi Shangazi, nasoma kwa raha lakini nina dukuduku. Sisi wa pwani tumelelewa kwamba mate ya mbwa ni najisi, waosha mara saba, moja kwa udongo. Nina binti yangu yuko chuo huko, marafiki zake wana mbwa, amealikwa matembezi kama haya. Mtu hujihifadhi vipi?

Kipepe

Mada imeanza kunoga, ngoja nichemshe chai.

Shangazi wa Matlock

Wa alaykum salaam Bin Seif. Mimi ni Mkristo, sitatoa fatwa. Naweza kukuambia tu kinachotokea njiani. Mbwa wa watu wengine watamjia. Mwenyewe atakuwa nyuma mita hamsini anapunga mkono, "usijali, mpole huyo!" Kwetu kibao kinasema mbwa mkali, huku mwenye mbwa anatangaza upole, na mbwa ameshaweka miguu ya tope kwenye koti lako.

Ukhti Leicester

Naomba nimjibu Bin Seif maana hili ni langu. Mimi ni mtu wa Unguja, Shafi kama wewe, na natembea na kundi la kina mama ambao nusu wana mbwa. Nina suruali ya mvua na gambuti za matembezi tu, haziingii ndani, na nguo ya kuswalia iko kwenye begi ndani ya mfuko wake. Mbwa akija nasema mapema na kwa sauti, "tafadhali mshike, siguswi na mbwa." Sijawahi kukasirikiwa. Waingereza ukiwaambia mapema wanaomba radhi wao, ukinyamaza wanadhani umefurahi. Na msiogope kuuliza kwenye baa za vijijini, nyingi zinaruhusu mbwa ndani, kwa hiyo mimi nachagua meza ya nje. Chai ni ile ile.

Pia mbwa akiwa na utepe au kamba ya njano, ni ishara kwamba anataka nafasi, usimsogelee. Nami nimeanza kufikiria kujifunga njano.

Bin Seif Muscat

Hahaa. Allah akujaze kheri, ukhti. Nimemtumia binti uzi huu.

Kijana wa Kisauni

Kujifunga njano nimekufa. 😂 Shangazi, na kichaa cha mbwa? Mimi kila nikilambwa nakumbuka jirani yetu alivyodungwa sindano mfululizo.

Shangazi wa Matlock

Uingereza mbwa wa mtaani hakuna, na kichaa cha mbwa hakipo kwa wanyama wa nchi kavu. Hiyo hofu nyumbani ibaki palepale, ni ya haki, huku unaweza kuishusha. Cha kuogopa ni kupe. Kuna ugonjwa wa Lyme, unampata mtu na mbwa pia. Ukirudi pitisha vidole kwa mbwa, masikioni, kwapani, katikati ya vidole, kisha ujikague mwenyewe nyuma ya magoti. Bibi ana kikoleo cha plastiki cha kung'olea kupe, kipo jikoni pembeni ya vijiko vya chai.

Na wenye mbwa wapya: chipu chini ya ngozi ni lazima tangu 2016, na akiwa nje awe na mkanda shingoni wenye jina na anwani ya mwenyewe. Usimwekee kibao cha "Simba" peke yake, Simba hana anwani.

Mchimbaji wa Geita

Nimesikia eneo hilo lilikuwa la migodi. Kweli?

Shangazi wa Matlock

Kweli tupu. Madini ya risasi yamechimbwa hapa tangu enzi za Warumi, na mashimo ya zamani bado yapo, mengine yamefunikwa, mengine yamezungushiwa ukuta mdogo ambao mbwa anauruka. Mahali ambapo ardhi ina vichuguu na mifereji isiyoeleweka, namfunga Molly.

Uchimbaji huo ndio ulioharibu hata mto. Bonde la Lathkill, unashukia kijiji cha Over Haddon, ni hifadhi ya taifa ya mimea na wadudu, na kwa maoni yangu ndilo bonde zuri kuliko yote wilayani. Maji yake unaona mpaka kokoto. Lakini kiangazi, sehemu za juu mto unatoweka kabisa, unazama kwenye mawe ya chokaa na kwenye mifereji ya chini waliyochimba kukausha migodi. Mara ya kwanza nilidhani nimepotea. Nilimwambia Bibi "mto haupo", akasema "hata mwaka niliolewa haukuwepo."

Pale Molly haingii majini, na sababu si baridi. Zile dawa za viroboto za kudondoshea shingoni zinaosheka, na zimekutwa kwenye mito ya Uingereza, zinaua wadudu ambao samaki wanawala. Siku hizi nikimpaka dawa, mto tunautazama kwa macho.

Mtu wa Tabora

Na kinyesi? Maana nimeona kwenye video mtu kabeba kamfuko kama kabeba maandazi.

Shangazi wa Matlock

Unabeba, ndiyo. Si usafi tu: kinyesi cha mbwa kinaweza kubeba kimelea kinachoitwa Neospora, ng'ombe akikila kwenye majani anatoa mimba. Mwenye shamba akikukazia macho kwa hilo ana haki. Ninaowashangaa ni wale wanaokusanya vizuri, wanafunga fundo, halafu wananing'iniza mfuko kwenye tawi la mti na kwenda zao. Kama sadaka. Sijui wanamwachia nani.

Ukhti Leicester

Mzimu wa msitu. 😂

Shangazi, ongeza Chatsworth kwa wasiopenda kupotea. Bustani ya kulisha kulungu na kondoo kando ya mto Derwent, majani yamekatwa na mifugo kama zulia, nyumba kubwa ya Duke wa Devonshire inakutazama. Kutembea kwenye malisho hulipi kitu. Mbwa kwenye kamba muda wote. Na Stanton Moor, kuna yale mawe tisa yamesimama duara, Nine Ladies. Wenyeji wanasema ni wanawake waliocheza ngoma siku ya Jumapili wakageuzwa mawe, na mpiga fidla wao naye jiwe, kasimama pembeni.

Kipepe

Jumapili tu? Kwetu tungekuwa na mlima.

Kijana wa Kisauni

MREJESHO. Jumamosi tumefanya ule mfereji wa Cromford hadi Whatstandwell, kama ulivyosema. Bata mmoja, mruko mmoja, mbwa majini, mimi goti moja majini. Mke amepiga picha kwanza ndipo akanisaidia. Tulivyoonja utamu tukaenda Jumapili tena, tukakatiza mashamba juu ya Bakewell, ngazi za ukuta kama tano hivi.

Sasa swali. Ulisema unambeba Molly kwenye zile ngazi. Kuna moja ya mbao, nilikuwa najiandaa kubeba, akatokea mzee na mbwa wake, akavuta bao la wima pembeni ya ngazi, likapanda juu, mbwa akapita chini, akaliachia likashuka. Sekunde tatu. Akanitazama kama mtu aliyekuwa akipanda dirishani na mlango uko wazi. Hilo bao lipo kwenye ngazi nyingi?

Shangazi wa Matlock

Bao gani?

Kijana wa Kisauni

Lina kishikio juu, au tundu la mkono. Angalia kushoto au kulia ya ngazi. Tulihesabu mawili kati ya tano.

Shangazi wa Matlock

Nimetoka sasa hivi kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yetu, ile tunayopita kila siku. Lipo. Kushoto. Limeota ukungu, nimelivuta likagoma, nikalivuta tena likapanda, Molly akapita kama amelijua maisha yake yote.

Miezi saba, wakuu. Kilo 19.

Nimeingia kwa Bibi na tope zangu nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akaweka kikombe chini. "Kila siku unarudi unashika mgongo," akasema, "nikadhani ni kazi ya usiku."